Umehamia Texas na gari lenye namba za Ohio: uanzie ofisi gani?

Swali lililonifikia limeandikwa na ndugu mmoja anayeishi Fort Worth, Texas. Amehamia hapo karibuni kutoka Columbus, Ohio, baada ya kupata kazi kwenye ghala, na amekuja na gari lake, Toyota la mwaka 2017, ambalo bado analilipia mkopo, hivyo hati ya umiliki iko kwa benki. Leseni yake ya Ohio haijaisha muda. Mkewe aliwasili wiki iliyopita kutoka Dar es Salaam kwa viza ya uhamiaji, akiwa na leseni ya Tanzania, na wana mpango wa kumnunulia gari la mkono wa pili kutoka kwa mtu binafsi. Wenzake kazini wamemwambia kwamba mgeni ana siku 90 za kukamilisha kila kitu. Anauliza kama ni kweli, aanzie ofisi gani, na kama mkewe anaruhusiwa kuendesha katika kipindi hiki.

Ndugu, wenzako wamekupa nusu ya sheria, na nusu waliyoiacha ndiyo itakayokufikia mapema zaidi. Siku 90 ni za leseni peke yake. Gari limepewa siku 30 tu, zinazohesabiwa tangu ulipokuwa mkazi wa Texas, na mtu aliyekwisha kusaini mkataba wa nyumba na kuanza kazi hawezi kumshawishi askari wa barabarani kwamba yeye ni mpita njia. Kwa hiyo anza na gari, kisha ndiyo uende kwenye leseni. Ukipanga kinyume utarudishwa dirishani, kwa sababu sheria ya Texas inamtaka mkazi mpya anayemiliki gari, anapoomba leseni, aonyeshe kwamba gari hilo limekwisha kusajiliwa Texas na lina bima. Nimewaona watu waliosubiri miadi ya leseni kwa majuma kadhaa, wakaomba ruhusa kazini, wakafika na kila karatasi isipokuwa risiti ya usajili wa gari, na wakaondoka mikono mitupu.

Linalowachanganya watu wanaotoka Ohio ni kwamba huko walizoea kupata leseni na plate kwenye ofisi moja ya BMV, idara ya magari ya huko. Texas imezigawa kazi hizi. Leseni za udereva ziko chini ya Idara ya Usalama wa Umma, ambayo kila mtu huiita DPS. Usajili wa magari na hati za umiliki viko chini ya Idara ya Magari ya Texas, lakini wewe hutakwenda kwenye idara hiyo. Kazi ya dirishani hufanywa na ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti unayoishi, ambayo kwako, kama nyumba yako iko ndani ya Kaunti ya Tarrant, ni ofisi ya kaunti hiyo. Usishangae kuona watu wanalipia kodi ya nyumba kwenye foleni ya jirani.

Hata kabla ya kaunti kuna bima, na hapo ndipo ningekushauri uanze leo hii. Bima uliyokatiwa Ohio, ikiwa ni ya kiwango cha chini cha huko, haitoshi Texas. Ohio inadai dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, dola 50,000 kwa ajali nzima na dola 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Texas inadai 30,000, 60,000 na 25,000 kwa mpangilio huohuo. Hicho ndicho kiwango cha ile ambayo Tanzania tunaiita bima ndogo, yaani inayomlipa uliyemgonga wala si wewe. Kwa kuwa gari lako lina mkopo, bila shaka mkataba wa benki unakulazimisha kuwa na bima kubwa, lakini hilo ni sharti la benki, si la jimbo. Mpigie wakala wako, mwambie umehama, na uhakikishe bima mpya ya Texas imeanza kazi kabla ya kuifuta ile ya Ohio, kwa kuwa hata pengo la siku mbili huonekana. Texas ina hifadhidata iitwayo TexasSure ambamo kampuni za bima hupeleka taarifa za magari yote zinayoyakatia bima, na askari akiingiza namba ya gari kwenye kompyuta yake hujua kama bima ni hai kabla hajashuka kwenye gari lake.

Kuendesha bila bima kwa mara ya kwanza kuna faini ya kuanzia dola 175 hadi 350, na ukirudia faini hupanda kutoka 350 hadi 1,000, mbali na uwezekano wa leseni kusimamishwa. Unaposimamishwa barabarani unaweza kuonyesha cheti cha bima kwenye simu, na sheria inasema wazi kwamba kumwonyesha askari simu yako kwa ajili hiyo si kumruhusu aangalie mambo mengine yaliyomo.

Unapokata bima hiyo utapewa karatasi kadhaa za kusaini, na mbili kati ya hizo zinahitaji macho makavu. Ya kwanza inahusu bima mbili za nyongeza: ile ya malipo ya matibabu yako mwenyewe bila kujali nani mwenye kosa, na ile ya kugongwa na mtu asiye na bima. Kampuni inalazimika kisheria kukupa nafasi ya kuzinunua, na kama huzitaki unatakiwa uzikatae kwa maandishi. Mawakala wengi husema tu "saini hapa na hapa," na mteja anakuwa amezikataa bila kujua. Mimi ninaona ile ya kugongwa na asiye na bima ni ya thamani kwa mtu anayeendesha kila siku kwenye barabara kuu za Dallas na Fort Worth, lakini uamuzi ni wako. Karatasi ya pili ni ya hatari zaidi kwa familia yako, nayo ni kipengele cha kumwondoa dereva kwa jina, ambacho hujulikana kwa namba 515A. Wakala anaweza kukuambia kwamba malipo ya mwezi yatapungua ukimwondoa mkeo kwa kuwa hana historia ya udereva Marekani. Ukisaini, siku shemeji atakapoendesha gari hilo, hata kwenda dukani tu, itakuwa kama halina bima kabisa. Mtaje kama mtu wa nyumba yako tangu siku ya kwanza, hata kabla hajapata leseni ya hapa.

Bima ikishakaa sawa, peleka gari likapimwe moshi. Wenyeji wengi bado watakuambia upeleke gari likaguliwe breki, taa na matairi. Ukaguzi huo wa usalama wa kila mwaka ulifutwa kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na badala yake jimbo linatoza ada ya dola 7.50 ndani ya malipo ya usajili. Upimaji wa moshi haukufutwa katika kaunti za miji mikubwa, na Tarrant ni mojawapo, pamoja na Dallas, Harris yenye jiji la Houston, Travis yenye Austin, na El Paso. Unahusu magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24, hivyo gari lako limo. Abilene, ambako kuna familia nyingi za Kikongo, haimo kwenye orodha, na ndiyo maana jamaa yako wa huko anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba hakuna kipimo chochote.

Kipimo chenyewe kwa gari la mwaka 2017 ni cha dakika chache: fundi huchomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani na kompyuta ya gari hueleza kama mfumo wa moshi ni mzima. Kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, gari halitapita, kwa hiyo usipoteze fedha kabla ya kulitengeneza. Na usifuate ule ushauri wa mtaani wa kuchomoa betri usiku ili taa izimike asubuhi. Kweli itazimika, lakini kompyuta nayo itakuwa imefuta kumbukumbu zake, mashine ya kituo itasoma kwamba gari haliko tayari kupimwa, nawe utaambiwa uliendeshe siku kadhaa ndipo urudi.

Sasa kaunti. Utajaza fomu namba 130-U, ambayo ni ombi la hati ya umiliki na usajili kwa pamoja, na utabeba kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, cheti cha bima ya Texas, ushahidi wa kipimo cha moshi, na kadi ya usajili ya Ohio. Kwa kawaida wangekuomba pia hati ya umiliki ya Ohio, lakini kwa kuwa yako iko benki, kuna nafasi kwenye fomu hiyo ya kuomba usajili peke yake, huku hati ya umiliki ikibaki ya Ohio mikononi mwa mkopeshaji mpaka utakapomaliza deni. Mweleze karani jambo hili mwanzoni kabisa, na ubebe mkataba wa mkopo au barua ya benki inayoonyesha namba ya chesisi. Wapigie benki pia kuwajulisha anwani mpya. Mikataba mingi ya mikopo inadai hivyo gari linapohamishiwa jimbo jingine.

Kuhusu fedha, habari njema ni kwamba hutatozwa kodi ya mauzo ya asilimia 6.25 kwa gari ambalo tayari lilisajiliwa kwa jina lako katika jimbo jingine. Mkazi mpya hulipa kodi ya dola 90 kwa gari, basi. Juu yake kuna ada ya ombi ya dola 28 au 33 kutegemea kaunti, usajili wa mwaka wa dola 50.75 kwa gari dogo, ile ada ya dola 7.50 iliyorithi nafasi ya ukaguzi, gharama ya uchakataji ya dola 4.75, na ada ndogo za kaunti yenyewe. Jumla yake ni kama dola 200. Gari la umeme ni habari nyingine, kwa kuwa tangu Septemba 2023 linatozwa dola 200 zaidi kila mwaka.

Utaondoka na plate mbili na stika ya usajili. Stika inabandikwa kwa ndani kwenye kioo cha mbele, pembe ya chini upande wa dereva, na plate zinakaa moja nyuma na moja mbele. Hili la mbele huwanasa watu wa Ohio, kwa sababu Ohio iliacha plate ya mbele tangu tarehe 1 Julai 2020 na magari mengi ya huko hayana hata kishikizo chake kwenye bampa. Nunua kishikizo hicho, kifungwe. Kuiweka plate ya mbele juu ya dashibodi, kama wengine wanavyofanya, si kuifunga mbele ya gari, na inaweza kukuletea tiketi ya hadi dola 200 bila sababu ya maana.

Miaka itakayofuata, usajili utauhuisha kila mwaka. Sheria hukuachia siku 5 za kazi baada ya stika kuisha kabla ya kuhesabiwa kosa, na ukikamatwa baada ya hapo, ukalipia usajili ndani ya siku 20 za kazi, hakimu anaweza kuifuta kesi kwa ada isiyozidi dola 20. Watu wengi hawajui njia hii na hulipa faini nzima.

Ukiwa na risiti ya kaunti mkononi, ndipo uende DPS. Weka miadi kupitia tovuti yao hata sasa hivi, maana nafasi katika eneo lenu huwa mbali, ila ichague tarehe ambayo una hakika gari litakuwa limekwisha kusajiliwa. Kwa kuwa una leseni hai ya Ohio, utaisalimisha kwao na hutafanya mtihani wa maandishi wala wa barabarani. Utapimwa macho, utapigwa picha, utachukuliwa alama za vidole gumba na kulipa dola 33 kwa leseni ya miaka 8. Beba uthibitisho wa utambulisho na wa uhalali wa kuishi nchini, namba ya hifadhi ya jamii, na nyaraka mbili tofauti zenye jina lako na anwani ya Fort Worth, kwa mfano mkataba wa nyumba na taarifa ya benki. Anayeomba leseni kwa kawaida huonyesha kwamba ameishi Texas angalau siku 30, lakini sharti hilo halimhusu anayesalimisha leseni hai ya jimbo jingine. Mwenye hadhi ya muda, kama mwanafunzi au mfanyakazi wa viza, hupewa leseni inayokwisha siku hadhi yake inapokwisha, hata kama amelipa sawa na wengine.

Kwenye fomu ya leseni kuna swali moja ambalo ningependa ulisome mara mbili. Linauliza kama wewe ni raia wa Marekani, na kama ungependa kuandikishwa kupiga kura. Fomu ni ndefu, karani anauliza haraka, na mtu aliyezoea kuitikia ndiyo ili mambo yaende anaweza kuitikia ndiyo hapo pia. Asiye raia anayejiandikisha kupiga kura, hata kwa kutoelewa, anajiwekea doa linaloweza kumnyima uraia baadaye au kumfikisha mbele ya hakimu wa uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani si raia. Jibu ni hapana kwa yote mawili, na kabla hujasaini kwenye kile kioo kidogo, soma kilichoandikwa. Mwambie na shemeji hivyohivyo.

Nije kwa shemeji sasa, ambaye suala lake ni jingine kabisa. Texas inamruhusu mkazi mpya mwenye leseni hai ya nchi aliyotoka kuiendeshea kwa siku 90 tangu alipoingia jimboni. Kwa hiyo ndiyo, anaweza kuendesha sasa, mradi leseni yake ya Tanzania haijaisha na yuko kwenye bima yako. Leseni ya Tanzania ina Kiingereza, hivyo askari ataisoma. Kibali cha kimataifa cha udereva ni tafsiri ya leseni tu na hakisimami peke yake. Hutolewa na nchi iliyotoa leseni yenyewe, na wale wanaouza "leseni za kimataifa" mtandaoni kwa wahamiaji wanauza karatasi isiyo na nguvu yoyote. Mkongo mwenye leseni ya Kifaransa anafaidika na tafsiri ya namna hiyo, shemeji haihitaji.

Baada ya siku hizo 90 leseni ya Dar es Salaam haimfai tena, na Texas haina makubaliano na Tanzania ya kubadilishana leseni kama ilivyo na Ujerumani au Ufaransa, kwa hiyo atafanya mitihani yote. Hapa lile sharti la siku 30 za ukazi linamhusu, maana hana leseni ya jimbo jingine la kusalimisha. Ukiliweka sharti hilo kando ya siku 90 utaona kwamba nafasi yake halisi ni kama miezi miwili, kuanzia siku ya 31, na miezi miwili katika ofisi za DPS si mingi. Aitumie siku hizi za mwanzo kusoma na kukusanya karatasi. Kwa kuwa mkataba wa nyumba na bili pengine viko kwa jina lako, utamsainia kiapo cha ukazi kwamba anaishi nawe, na mtaambatanisha cheti cha ndoa, kikiwa na tafsiri ya Kiingereza kama kimeandikwa kwa Kiswahili peke yake. Namba ya hifadhi ya jamii nayo ifuatilieni mapema. DPS huhakiki hadhi ya mhamiaji kwenye mfumo wa serikali kuu, na kwa mtu aliyeingia nchini juzi majibu huchelewa mara nyingine.

Mtihani wa maandishi una maswali 30 na anayepata 21 amefaulu. Hautolewi kwa Kiswahili. Kama ana umri wa kati ya miaka 18 na 24, ni lazima kwanza amalize kozi ya udereva ya watu wazima ya saa 6. Kama amefikisha 25 si lazima, lakini ningemshauri aichukue hata hivyo, kwa sababu inasomwa mtandaoni, mtu huirudia sehemu asiyoielewa akiwa nyumbani na kamusi yake, na mtihani wa maandishi umo ndani yake, hivyo hatalazimika kuufanya kwenye kompyuta ya DPS huku watu wakisubiri nyuma yake. Kabla ya mtihani wa barabarani kuna pia programu ya video ya saa moja kuhusu usumbufu wa dereva, ambayo haina malipo na cheti chake hudumu siku 90. Akishafaulu maandishi hupewa leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, na ataendesha akiwa na mtu mwenye leseni aliyefikisha miaka 21 kwenye kiti cha pembeni. Mtu huyo atakuwa wewe, kwa hiyo ni vyema leseni yako iwe imetoka kwanza.

Mtihani wa barabarani unaweza kufanyiwa DPS au kwenye shule za udereva zilizoidhinishwa, na shule mara nyingi huwa na nafasi za karibu zaidi, kwa bei yao. Mtakwenda na gari lenu wenyewe, na mtahini ataanza kwa kulikagua pamoja na karatasi zake: stika, bima, taa za breki, honi. Gari lisipotimiza hayo, mtihani haufanyiki. Halafu huja kuegesha kati ya alama mbili sambamba na ukingo wa barabara, kurudi nyuma kwa mstari mnyoofu, na kusimama kikamilifu kwenye alama ya kusimama. Dereva mzoefu wa Dar es Salaam haangushwi na usukani. Anaangushwa na mazoea. Hapa tunaendesha kulia, na kosa hujitokeza hasa mtu anapokata kona kushoto kuingia barabara isiyo na gari jingine la kumwongoza, mkono unamrudisha upande aliouzoea tangu alipojifunza. Kwenye njia panda yenye alama za kusimama pande zote nne anayefika kwanza ndiye anayepita kwanza, wala si mwenye moyo mkubwa zaidi. Kwenye taa nyekundu anaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, pasipo na kibao cha kukataza, na kusimama kabisa maana yake gurudumu halizunguki. Ombi moja humpa nafasi tatu za kujaribu ndani ya siku 90, kwa hiyo kufeli mara moja si msiba.

Gari la kumnunulia ndilo jambo ambalo ningekuwa mwangalifu kuliko yote uliyouliza. Muuzaji binafsi awe ndiye mwenye jina lililoko kwenye hati ya umiliki, na jina hilo lilinganishwe na kitambulisho chake mbele yako. Texas mtu asiye na leseni ya biashara haruhusiwi kuuza zaidi ya magari manne kwa mwaka, hivyo wapo wanaonunua kwenye minada, hawaandikishi magari kwa majina yao, na wanakuuzia hati iliyosainiwa na mtu usiyemwona, nafasi ya mnunuzi ikiwa tupu. Mtu huyo akiwa na deni au akikana sahihi yake, wewe una gari usiloweza kulisajili. Angalia uso wa hati kama kuna jina la benki. Likiwepo, dai barua halisi ya benki kwamba deni limeisha. Angalia pia kama pameandikwa kwamba gari liliwahi kufutwa na bima kisha likajengwa upya. Njia iliyo salama, nami huirudia kila ninapoulizwa, ni kumwomba muuzaji mwende pamoja ofisi ya kaunti na kumlipa hapohapo baada ya karani kupokea karatasi. Sahihi yake inahitajika nyuma ya hati na kwenye fomu 130-U vilevile, na anayekataa kwenda amekwisha kukupa jibu.

Una siku 30 tangu siku ya mauzo kuhamisha umiliki. Kwa gari hili zile dola 90 za mkazi mpya hazihusiki, utalipa asilimia 6.25, na jimbo halifuati tu bei mliyokubaliana. Lina makadirio yake ya thamani ya kila gari, na kodi hutozwa kwenye bei ya mauzo au asilimia 80 ya makadirio hayo, ile iliyo kubwa. Tuseme mmelinunua kwa dola 3,000 na jimbo linalithamini dola 6,000: kodi itakokotolewa kwenye 4,800 na utalipa dola 300, si 187.50 uliyotarajia. Kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye fomu ili kupunguza kodi hakusaidii kitu, na ni kosa la jinai juu yake. Makadirio hayo yanapatikana bure kwenye tovuti ya Idara ya Magari ukiwa na namba ya chesisi. Yatazame kabla ya kukubaliana bei. Kama gari ni bovu kweli na ndiyo sababu ya bei kuwa chini, unaweza kupeleka tathmini ya maandishi ya yadi yenye leseni au ya mkadiriaji wa bima.

Utakutana pia na mtu atakayekushauri muandike kwamba ni zawadi, kwa kuwa zawadi hulipiwa dola 10 tu. Zawadi inayotambuliwa ni ya mume na mke, wazazi na watoto, babu, bibi na wajukuu, ndugu wa kuzaliwa, na wakwe, na pande zote mbili huapa kwenye fomu namba 14-317. Binamu na shangazi hawamo, hata kama mmekua nyumba moja, na rafiki wa kanisani au msikitini hayumo kabisa.

Mwisho kuna barabara za kulipia, ambazo Columbus hamkuwa nazo na Fort Worth zimekuzunguka. Hakuna kibanda cha kulipia. Kamera hupiga picha plate na bili hutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa, na kama anwani hiyo bado ni ya Ohio, bili zinarundikana kwenye nyumba uliyoihama huku adhabu zikiongezeka. Mtu mwenye safari 100 au zaidi zisizolipwa ndani ya mwaka mmoja anaweza kutangazwa mkiukaji sugu, na kaunti ikaacha kumhuishia usajili mpaka alipe. Fungua akaunti ya kulipia barabara hizo, iitwayo TollTag, mara utakapopata plate mpya na uiandikishe namba hiyo, si ile ya zamani. Na mkihamia nyumba nyingine hapohapo mjini, mna siku 30 za kubadilisha anwani kwenye leseni, kwa dola 11 kupitia tovuti ya DPS, na anwani ya usajili wa gari hubadilishwa kivyake, kwenye ofisi ya kaunti au kwenye tovuti ya Idara ya Magari.